Jiko la safarini: namna ya kuchagua vifaa vya kupikia kwa dereva wa masafa marefu

Hii naiandika kwa madereva wa masafa, wale wa Dar kwenda Lubumbashi, Dar kwenda Kigali, Mombasa kwenda Kampala na kuendelea mbele, pamoja na mautingo wao maana mara nyingi utingo ndo mpishi. Mama ntilie wapo njia nzima na wengine wanapika vizuri sana, Chalinze, Ruaha Mbuyuni, Makambako hapo huwezi kulala njaa. Shida inaanza kwenye foleni. Umekwama boda ya Tunduma au Kasumbalesa, malori yamejipanga mpaka huoni mwisho, foleni inasogea kidogo saa nane usiku afu inasimama tena mpaka kesho yake mchana, na kama unarudi na shaba ya watu mgongoni ndo kabisa huwezi kuliacha gari ukaenda kutafuta wali. Hapo unahitaji jiko lako. Na kama daktari kakwambia upunguze chumvi na mafuta, ukila kwa watu kila siku huna namna ya kumfuata daktari.

Sasa tatizo ninaloliona ni kwamba watu wengi wanaanza na kifaa. Mtu yuko Kariakoo, anaona kibirika kizuri cha kuchomeka kwenye gari au rais kuka ndogo, yaani chungu cha umeme cha kupikia wali, bei imekaa vizuri, ananunua, akifika kwenye gari fyuzi inakata au betri inakufa au kitu kinapasha moto saa nzima maji hayajachemka. Ushauri wangu ni uanze kwa kuulizia moto. Moto wako utatoka wapi, una kiasi gani, na unaruhusiwa kuuwasha wapi? Ukishayajua hayo matatu kifaa cha kununua kinajichagua chenyewe karibu.

Kwanza kabisa angalia umebeba nini

Kama unavuta tanki la mafuta, petroli hasa, hakuna moto wa wazi karibu na gari. Hakuna jiko la gesi, hakuna mkaa, hakuna kibatari, hata kama unasema utapika mbali kidogo upande wa kichwa. Na tanki tupu lisikudanganye, tanki lililoshusha petroli na halijasafishwa lina mvuke ndani, na ule mvuke ukichanganyika na hewa ndo unaolipuka vibaya kuliko tanki lililojaa mpaka juu. Watu wanajua hili ila wakishashusha mzigo wanajisahau, wanaona gari jepesi wanaona na hatari imeisha.

Wengine ni wale wa salfa. Salfa inapanda kwa wingi kwenda kwenye migodi ya Zambia na Kongo, na vumbi lake linashika moto kirahisi, moshi wake ukiuvuta unaunguza kifua. Mbolea za naitreti nazo usizifanyie mchezo, pamba vilevile, viberiti vilevile. Kwa mizigo yote hii mimi nasema usitegemee jiko la moto kabisa, tegemea chupa ya chai kubwa, chakula kilichopikwa kabla, na kifaa kidogo cha umeme wa gari cha kupashia kama masharti ya mzigo na kampuni yako yanaruhusu. Ukitaka kupika kweli, shuka, nenda kwenye uwanja wa maegesho wenye jiko au kwa mama ntilie mwombe umlipe akupikie chakula chako, wengi wanakubali.

Mizigo ya kawaida, makontena ya nguo, saruji, mabati, vyuma, hapo una uhuru, endelea kusoma.

Umeme wa gari, hapa ndo watu wanapoumia

Malori yetu karibu yote, Scania, Howo, Actros, Volvo, Shacman, ni ya volti 24. Ni betri mbili za volti 12 zimeunganishwa kwa mfuatano. Magari madogo, Noah, Hiace, pikapu, ni volti 12. Hii tofauti ndo ya kwanza kuangalia kwenye kifaa chochote kabla hujatoa hela, geuza chini usome kibandiko. Kifaa cha kuchemsha cha volti 12 ukikichomeka kwenye 24 hakivuti mara mbili, kinavuta nguvu mara nne, kwa sababu volti zikizidi mara mbili na ampia nazo zinazidi mara mbili. Kinaungua, na kikiungua kwenye kabini yenye magodoro na mapazia unajua kinachofuata.

Kuna fundi atakwambia haina shida, anachomoa 12 kwenye betri moja anakuletea waya. Usikubali. Betri moja inakuwa inafanya kazi peke yake huku mwenzake imekaa, inashuka, alternata, ile ya kwenye injini inayochaji betri, inazichaji zote mbili kama vile ziko sawa, matokeo yake moja inabaki na njaa na nyingine inachajiwa kupita kiasi, zote zinakufa mapema. Kama lazima upate 12 tumia konveta ya kushusha 24 kwenda 12, na hiyo nayo ina kiwango chake cha ampia, soma.

Haya, tuseme kifaa ni cha 24 kweli. Swali linalofuata ni nguvu yake, yaani wati. Hesabu ni rahisi, volti zidisha kwa ampia unapata wati. Tundu la kuwashia sigara kwenye malori mengi lina fyuzi ya ampia 10 au 15, fungua boksi la fyuzi uhakikishe la kwako. 24 mara 10 ni wati 240, 24 mara 15 ni wati 360, na hutakiwi kukaa kwenye ukomo muda mrefu maana lile tundu lenyewe linapata moto linayeyuka. Kwaiyo kwenye tundu hilo unaweza kutumia kitu cha wati 150 mpaka 200 hivi kwa amani. Ukiona kifaa kimeandikwa wati 500 na kina plagi ya sigara, mwandikaji anadanganya mojawapo.

Sasa wati 150 inafanya nini? Lita moja ya maji kutoka baridi ya kawaida mpaka kuchemka inakula karibu wati-saa 100, yaani wati 100 kwa saa nzima, ukihesabu na joto linalopotea. Kwa hiyo kibirika cha wati 150 kitachukua kama dakika 40, kikiwa hakina mfuniko mzuri hata saa nzima. Kile cha nyumbani cha wati 1,500 ni dakika nne au tano. Sio kwamba kibirika cha gari ni kibovu, nguvu yake ndo hiyo, hata ukinunua cha bei gani. Ukilijua hilo unakitumia vizuri: unakijaza, unakifunga mfuniko wa kubana, unakikaza kwenye kishikio chake sehemu ambayo hata gari likifunga breki ghafla hakimwagiki mtu miguuni, unakiwasha nusu saa na kitu kabla hujafika unapotaka kusimama, gari linatembea, alternata ndo inalisha, unafika maji tayari na betri haijaguswa. Na kinawashwa na utingo, dereva anaangalia barabara.

Yale mabakuli ya kupashia chakula yanayochomekwa kwenye gari mengi ni wati 40 mpaka 80. Hayapiki, yanapasha. Kwa kupasha wali na mboga kwa nusu saa au dakika 45 yako vizuri, mimi nayapenda hasa kwa dereva anayesafiri peke yake, ila usimwamini muuzaji anayesema unapika nyama humo.

Inveta

Ukitaka vifaa vya volti 230 kama vya nyumbani unahitaji inveta ya kubadilisha 24 kwenda 230. Hapa tuongee kwa hesabu. Birika la wati 1,500 kupitia inveta litavuta ampia kama 70 kwenye betri. Sabini! Kwaiyo inveta ya ukubwa huo haichomekwi kwenye tundu la sigara, inafungwa moja kwa moja kwenye betri kwa waya mnene, milimita za mraba 25 kwa umbali wa mita mbili tatu sio anasa, fyuzi ya ampia 100 karibu kabisa na betri, sio karibu na inveta, maana fyuzi kazi yake ni kuulinda waya wote. Waya mwembamba unapata moto ndani ya plastiki yake chini ya zulia usipouona. Gari kama sio lako ongea na mwenye gari na fundi umeme wa gereji yao kabla hujatoboa chochote.

Afu kuna inveta za mawimbi safi, zinazotoa umeme laini kama wa nyumbani, na zile za bei rahisi za mawimbi ya kukatakata. Birika la kawaida na jiko la koili havijali, ni waya unaopata moto tu. Ila maikrowevu, jiko la induksheni (lile linalopasha sufuria yenyewe kwa nguvu ya sumaku) na presha kuka ya umeme yenye vibonye vya kidijitali vinataka mawimbi safi, ukivipa yale mengine vinaguna, vinapata moto, vinakufa. Maikrowevu pia inapotosha, imeandikwa wati 700 mbele lakini hizo ni za kwenye chakula, ukigeuza nyuma unakuta inavuta 1,000 mpaka 1,200.

Induksheni inapendwa sana siku hizi maana haina moto wa wazi na inawahi, ila ina mambo mawili. La kwanza, sufuria zetu nyingi ni za alumini na induksheni haiziwashi, nenda dukani na sumaku, sumaku ikinasa kitakoni sufuria inafaa. La pili ni la ndani zaidi, majiko mengi ya bei nafuu ukiyaweka wati 500 hayapunguzi moto kweli, yanawaka kwa nguvu kubwa afu yanazima, yanawaka yanazima. Kwa hiyo inveta yako ya wati 1,000 inakata hata kama umeweka namba ndogo. Ukitaka induksheni nunua inveta inayobeba nguvu yake ya juu kabisa.

Na betri je? Betri mbili za ampia-saa 180 zina karibu wati-saa 4,300 kwa karatasi, ila hizi ni betri za kuwashia injini, hazipendi kushushwa chini sana. Chukua robo, yaani kama wati-saa 1,000, hiyo ni birika nane za lita moja basi, na hapo feni, taa na simu bado hazijahesabiwa. Weka kipima volti kidogo pale mbele, bei yake ndogo mno. Gari likiwa limezimwa na hakuna kinachovuta, ukiona 24.4 umeshaipita ile robo, betri imefika nusu, usipike tena kwa umeme mpaka uwashe injini. Kwenye foleni ya boda gari kukataa kuwaka usiku wakati foleni inasogea ni balaa, wenye magari nyuma yako hawatakusubiri.

Kwa wanaofikiria zile betri za kubebeka za lithiamu zenye soketi zake, zina namba mbili na wauzaji wanataja moja. Wati-saa ni wingi wa umeme uliomo, wati ni kasi inayoweza kutoa. Yenye wati-saa 500 na wati 500 haitawasha birika la 1,500 hata sekunde moja, ila rais kuka ndogo ya wati 300 itakupikia wali vizuri na umeme utabaki. Kifaa ninachokiona kinaendana nazo kuliko vyote ni presha kuka ya umeme, japo ni wati 900 au 1,000 haivuti muda wote, inapandisha presha afu inazima na kuwaka kidogokidogo, maharage ya watu kadhaa yanaiva kwa nusu uniti au pungufu. Sasa nusu uniti ni wati-saa 500, kwaiyo betri ya 500 itaishia njiani, chukua ya 1,000 kama unalenga maharage na iwe inatoa wati zaidi ya 1,000.

Neno kwa walioletewa vitu na ndugu walioko Marekani, na najua ni wengi maana Waafrika Mashariki wengi kule wanaendesha malori. Malori ya kule ni volti 12, na umeme wa ndani ni 120. Kibirika cha lori la Marekani hakifai kwenye Scania yako, na rais kuka ya kule ukiichomeka kwenye inveta ya 230 inaungua hapohapo. Mwambie ndugu yako atume hela.

Gesi, ambayo kwa wengi wetu ndo jibu

Kwa dereva wa mizigo ya kawaida mwenye utingo, mimi bila kusita nasema mtungi mdogo wa gesi na jiko lake. Kilo moja ya gesi ina joto ambalo betri zote za gari lako haziwezi kukupa. Jiko la plate moja likiwaka kwa nguvu linakula kama gramu 150 kwa saa, kwaiyo mtungi wa kilo 3 unakupa kama saa 20 za moto mkali na wa kilo 6 kama saa 40. Hiyo ni safari ndefu.

Kilo 3 au kilo 6? Kilo 3 inaingia popote lakini ukiweka sufuria kubwa juu yake inayumba, na kusonga ugali kwenye kitu kinachoyumba ni kujiunguza. Kilo 6 imekaa chini imara zaidi. Bora kuliko zote ni mtungi pembeni na jiko la chini lenye miguu mipana, vimeunganishwa kwa mpira na regulata, sufuria inakuwa chini, unasonga ugali umechuchumaa kama nyumbani, na mtungi hauko karibu na moto. Inahitaji nafasi zaidi ila kama boksi la pembeni ya tela unalo nafasi ipo.

Ukivuka boda usitegemee kubadilisha mtungi. Vichwa vya mitungi havifanani nchi na nchi, na kampuni iliyokuuzia huenda huko haipo. Jaza kabla ya kuvuka, na ujue kilichobaki kwa kupima: uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe, upime kwenye mizani yoyote ya dukani, toa, unapata gesi iliyobaki.

Mtungi unakaa nje ya kabini. Hili sina mjadala nalo. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi juu ikatokea dirishani, inatulia chini, kwenye zulia, chini ya kitanda, mpaka mtu awashe swichi au kiberiti. Uweke kwenye boksi la nje lenye matundu sehemu ya chini ili ikivuja itoke, umesimama wima umefungwa mkanda, upande usio na ekzosi wala betri. Ukimaliza kupika funga kwenye mtungi wenyewe, kufunga jiko peke yake hakutoshi kwa barabara zetu zenye matuta. Kabla ya safari paka povu la sabuni kwenye maungio, likitoa mapovu kuna mvujo. Mpira ukianza kupasuka ngozi au kuwa mgumu tupa, wala usiufunge kwa raba.

Kuna vile vijiko vya kwenye sanduku vinavyotumia kopo la gesi la gramu 220 hivi. Ni vizuri kwa anayetembea na gari dogo, wasafirishaji wa magari ya IT, yale yanayopita tu nchini, wanaopeleka Zambia na Kongo, watu wa safari za porini. Kopo moja kwa moto mkali ni saa moja na nusu hivi. Mjini yanapatikana, ukishatoka mjini huna uhakika, kwaiyo beba ya kukutosha. Angalia mambo haya: sufuria isiwe pana mpaka ikalifunika kopo, joto likirudi kwenye kopo linapasuka. Makopo yasiachwe kwenye dashibodi wala nyuma ya kioo, kwenye kopo lenyewe wameandika lisizidi nyuzi 50 na kabini iliyofungwa kwenye jua la Chalinze inazipita hizo bila shida sehemu inayopigwa na jua. Na ukiwa Mafinga au Makambako mwezi wa 6 au wa 7 alfajiri utaona moto umelegea, ni kwa sababu gesi ya makopo haya mara nyingi ni byuteni na baridi inaifanya isitoke vizuri. Usiku kopo liweke mahali penye joto la kawaida, usilichemshe, usilipashe kwa moto hata siku moja.

Upepo pia unakula gesi. Makambako pale upepo unaweza kukumalizia mtungi huku maji hayajachemka. Kata bati la debe, likunje pande tatu liwe kinga ya moto, upande wa mtungi au kopo uache wazi hewa ipite.

Mkaa na mafuta ya taa

Jiko la mkaa linafaa nje, kwenye mizigo isiyo na hatari, kama una muda. Ndani ya kabini halifai hata dakika moja, na hapa nawaomba kabisa wanangu na kaka zangu mnisikilize. Makaa yanayoonekana yametulia, mekundu hayana moshi, bado yanatoa kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, haikohozeshi. Mtu anaingiza jiko kwa ajili ya baridi ya usiku, anafungua kioo kidogo akiamini inatosha, analala, haamki yeye na mwenzake. Baridi inatibiwa na blanketi. Na makaa yaliyobaki yamwagie maji mpaka yapoe kabisa kabla hujayapakia, mkaa unaodhania umezima unawaka tena gari likianza kupiga upepo.

Jiko la mchina la mafuta ya taa linafanya kazi, ila mafuta yanamwagika njiani na unga wote unanuka. Petroli usiweke humo hata robo kikombe, dizeli ya kwenye tanki nayo inatoa moshi na masizi, achana nayo.

Vyombo vyenyewe

Hapa ndo unapunguza hitaji la moto. Kama ningechagua chombo kimoja kwa dereva wa njia ya kusini ningechagua presha kuka ya kawaida ya jikoni, lita 3 mpaka 5. Sababu sio haraka tu. Kadiri unavyopanda juu maji yanachemka kwa joto dogo, karibu nyuzi moja pungufu kwa kila mita 300. Mafinga iko kwenye mita 1,900 hivi, maji yanachemka kwenye nyuzi kama 94, ndo maana maharage ya Dar ya saa moja na nusu ukiyapika kule hayaishi kuiva. Presha kuka inapandisha mpaka karibu 120 popote ulipo. Ukinunua kagua mpira wa mfuniko, nunua na wa akiba, na hakikisha kifungua hewa cha usalama kipo na hakijaziba. Faida nyingine, mfuniko wake unajifunga, haimwagiki kirahisi ikikaa.

Chupa ya chai iwe ya chuma ndani, zile za kioo hazidumu kwa matuta. Yenye mdomo mpana ni bora, unaweka uji, supu, hata maharage yaliyochemka. Hotpoti nayo ni ya maana sana, chakula kikichemka vizuri unakifunika humo, unaizungushia blanketi, kinaendelea kuiva chenyewe huku gari linatembea bila gesi wala umeme. Mchele unaivia humo kabisa.

Ila maharage mekundu yana sharti. Yana sumu ya asili ambayo inakufa kwa kuchemka kwa nguvu, angalau dakika 10 mfululizo baada ya kulowekwa na kumwaga maji ya kulowekea. Ukiyaweka mabichi kwenye kifaa cha gari cha wati 100 kinachopasha taratibu bila kufika kuchemka, yatalainika na utayala, afu utaharisha na kutapika vibaya ukiwa katikati ya Mikumi. Chemsha kwanza kwa gesi au presha, hivyo vifaa vidogo viwe vya kumalizia. Na wali uliolala kwenye kabini yenye joto usiupashe ukaamini umepona, kuna vijidudu vinaacha sumu ambayo kupasha hakuiui. Wali pika wa kuliwa siku hiyohiyo, au uhifadhi kwenye hotpoti ukiwa wa moto kweli na uliwe ndani ya saa chache.

Sufuria mbili zinazoingiliana, moja yenye mfuniko unaobana, kikaango kidogo, mwiko, kisu chenye ala yake, dumu la maji lita 20. Zaidi ya hapo unaongeza vitu vya kuosha na maji huna.

Ukiwa dukani

Omba wakichomeke ukione kinafanya kazi, kaa nacho dakika kumi, shika waya na plagi. Waya ukipata moto mkononi ndani ya dakika kumi rudisha. Soma volti, soma wati, zidisha mwenyewe uone kama zinaendana na plagi waliyoweka. Mfuniko ujifunge kwa kubana, kitako kiwe na namna ya kukikaza. Kifaa kiwe kinazima chenyewe maji yakiisha, hili kwa birika la gari ni la lazima.

Hela ikiwa ndogo anza na chupa ya chai ya chuma na hotpoti, hivyo havitaki ruhusa ya mtu. Kisha gesi na presha kuka. Kibirika cha 24 baada ya hapo. Inveta kubwa iwe ya mwisho, na bei yake uihesabu pamoja na waya, fyuzi na fundi, maana bila hivyo vitatu bora usinunue. Na kizimamoto cha gari, kile cha unga mkavu, kitoe kule chini ya kitanda kilikojificha, angalia mshale uko kwenye kijani, kifunge karibu na mlango unapopikia. Mafuta ya kikaango yakishika moto usimwagie maji, funika na mfuniko, zima gesi, subiri yapoe.